Sizoni Iliyokatika: Mgomo wa Hollywood Ulivyofika Mkonze

Aliyenunua sizoni ya tatu ya tamthilia ya Prison Break mjini Dodoma mwaka 2008 alikuwa na kila sababu ya kudhani ameuziwa diski mbovu. Sizoni ya kwanza ilikuwa na vipande 22. Ya pili nayo 22. Mtu aliyezoea kukesha alikuwa ameshajua hesabu zake: mikesha mitatu, minne, kazi imekwisha. Hii ya tatu ikakatika kwenye kipande cha 13. Shujaa wake, Michael Scofield, ametoka katika gereza la Sona kule Panama, anaondoka kwenda kulipa kisasi, na basi. Unaingiza diski upya, unaifuta kwa pindo la shati, unarudi kwa machinga aliyekuuzia, naye anaapa kwamba hiyo ndiyo yote.

Machinga alikuwa anasema kweli. Kipande cha 14 hakikuwepo Dodoma kwa sababu hakikuwepo popote duniani. Watu waliotakiwa kukiandika walikuwa wamebeba mabango nje ya malango ya studio za Los Angeles, wakizunguka mviringo na fulana nyekundu, wakidai malipo ya diski kama ile ile iliyokuwa mkononi mwa mteja wa Dodoma. Ni mgomo mmoja adimu ambao chanzo chake na athari zake vilikutana ndani ya kitu kimoja cha plastiki.

Mgomo ulianza dakika moja baada ya saa sita usiku, Jumatatu ya Novemba 5, 2007. Chama cha waandishi wa filamu na televisheni, Writers Guild of America, chenye matawi mawili, la magharibi na la mashariki, kilikuwa na wanachama zaidi ya 12,000. Upande wa pili ulikuwa umoja wa studio na watayarishaji, msemaji wao akiwa Nick Counter, mzee aliyekuwa amekaa kwenye meza za namna hiyo tangu miaka ya themanini. Waandishi waliongozwa na Patric Verrone, mtu aliyetokea kwenye uandishi wa katuni.

Ugomvi wenyewe ulikuwa mkongwe. Mwandishi wa Marekani hulipwa mara mbili: kwanza anapoandika, kisha kila kazi yake inaporudiwa. Hayo ya pili, malipo ya marudio, ndiyo yanayompitisha kwenye miezi asiyokuwa na kazi, maana kazi ya kuandika huja kama mvua za Ugogo, leo ipo, kesho huioni. Mwaka 1985, kanda za video zilipokuwa bado ngeni na ghali kutengeneza, studio ziliomba zivumiliwe. Wakakubaliana kwamba katika kila dola 100 za mauzo ya kanda, 80 ziwekwe kando kama gharama, na fungu la mwandishi likokotolewe katika zile 20 zilizobaki, tena kwa asilimia isiyofika hata mbili. Kanda zikawa rahisi kutengeneza. Ikaja DVD, rahisi zaidi, ikauzwa kwa mamilioni. Hesabu haikubadilika. Mwandishi akawa anapata senti 4 hivi za dola kwa kila diski. Kwa thamani ya pesa ya wakati ule, hazifiki shilingi 50 za Tanzania.

Waandishi walitaka senti 8. Saa chache kabla ya mgomo waliliondoa dai hilo mezani wakitumaini kupata suluhu, wakabaki na lingine lililokuwa zito zaidi: intaneti. Waliona kwamba tamthilia zitahamia huko, na kwamba studio zinataka kurudia ujanja wa mwaka 1985, kwamba teknolojia bado changa, tusubiri tuone. Waandishi walikuwa wamekwisha kusubiri miaka 22. Mgomo wao wa 1988, uliodumu kuanzia Machi 7 hadi Agosti 7, ulikuwa umewaachia makovu bila kuigusa hesabu ya kanda.

Sasa tuje Mkonze.

Leo kata hii inamezwa na Jiji la Dodoma. Kuna viwanja vilivyopimwa, nyumba za bati za rangi, bodaboda mpaka usiku. Mwaka 2007 Dodoma ilikuwa bado manispaa, ardhi iko mikononi mwa CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu, na Mkonze ilikuwa pembezoni mwa mji, mahali pa mtama, uwele na karanga, ambapo mtu alisema "naenda mjini" akapanda gari hadi kituo cha Jamatini. Umeme ulikuwa wa wachache. Wakala wa Nishati Vijijini ulikuwa ndio kwanza unaanza kazi mwaka huo huo. Katika vitongoji vya namna hii runinga haikuwa samani ya sebuleni. Ilikuwa safari: kwa jirani mwenye betri ya gari, baa yenye jenereta, au kibanda umiza, kile chumba cha mabati au magunia chenye mabenchi, deki na kiingilio cha shilingi mia au mia mbili.

Kibandani kulikuwa na mwandishi wa aina yake. Filamu ya Kimarekani au ya Kichina haikuchezwa mikono mitupu, ilipitia kwanza kwa mtafsiri, na mkubwa wao alikuwa Lufufu, jina lake kamili Derek Gaspar Mukandala, ambaye sauti yake ilizunguka nchi nzima kwenye kanda. Lufufu hakutafsiri maneno tu. Aliongeza, alipunguza, alimpa mhusika jina la mtaani, alimkemea adui kabla hajatokea. Kwa watazamaji wengi wa vijijini, mwandishi wa filamu alikuwa yeye, na yeye hakuwa na chama wala mkataba wa kugomea. Nikiambiwa nitaje mtu aliyewalinda watazamaji wa Tanzania wasiusikie mgomo wa Hollywood, nitaanza naye.

Waliousikia walikuwa wengine, na mwaka ule walikuwa wamehamia mlimani, upande wa pili wa mji. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipokea wanafunzi wake wa kwanza Septemba 2007, miezi miwili kabla ya mgomo. Vijana hao walikuja na kompyuta za mpakato na ugonjwa wa sizoni: 24, Prison Break, Lost, Heroes. Diski moja ya kunakiliwa ilibeba sizoni nzima, ikapita bweni hadi bweni, ikashuka mjini, ikafika kwa machinga wa Majengo, na kutoka hapo ikapanda gari kwenda pembezoni. Kwa bei ya sahani ya wali maharage ulipata saa kumi na saba hivi za Jack Bauer, shujaa wa 24. Katika bei hiyo mwandishi hakupata senti 8 wala 4. Kwa hiyo mgomo ule, kwa upande wa Dodoma, ulikuwa juu ya fedha ambazo hapa hazikuwahi kulipwa kwa yeyote. Sisemi hivi kumlaumu mteja. Diski halali ya 24 haikuwa na duka Dodoma, na kama ingekuwa nalo, bei yake ingekula zaidi ya mshahara wa wiki wa mtu wa kima cha chini.

Kule Marekani mshtuko uliwafikia watazamaji kwa mafungu. Vipindi vya vichekesho vya usiku, vinavyoandikwa asubuhi na kurushwa jioni, vilizima siku ile ile. Vingi vilirudi Januari 2, 2008, vingine vikiwa na watangazaji wanaojazia muda bila waandishi. Heroes ilifungwa kwenye kipande cha 11. Lost ilipunguzwa. Sherehe ya tuzo za Golden Globe, Januari 13, iligeuka mkutano wa waandishi wa habari wa nusu saa na kitu, kwa kuwa waigizaji walikataa kupita mbele ya mabango ya wenzao. Nafasi zilizobaki wazi zilijazwa na vipindi visivyohitaji skripti: mashindano, michezo ya nguvu, watu mashuhuri wakifukuzwa kazi na Donald Trump katika Celebrity Apprentice, iliyoanza Januari 3. Hasara ya uchumi wa Los Angeles ilikadiriwa na kila mchumi kivyake, kuanzia dola milioni 380 hadi zaidi ya bilioni 2.

Na hapo, wakati kiwanda kikubwa cha visa duniani kimesimama, Dodoma ikatoa kisa chake.

Mwezi ule ule wa Novemba 2007 mgomo ulipoanza, Bunge liliunda kamati teule ya watu watano chini ya Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela, kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Chimbuko lake lilikuwa ukame. Ukishika barabara ya Iringa kutoka Dodoma unafika Mtera, bwawa linaloendesha mitambo ya umeme mpakani mwa mikoa hiyo miwili. Mwaka 2006 maji ya Mtera yalishuka vibaya, nchi ikaingia kwenye mgao, na serikali ikatafuta mitambo ya kukodi. Ikapatikana Richmond, iliyojitambulisha kuwa ya Houston, Texas, ikapewa kazi ya megawati 100. Mitambo haikufika kwa wakati. Mkataba ukahamishiwa kampuni ya Dowans, na shirika la umeme, TANESCO, likabaki na mzigo wa kulipa shilingi milioni 152 kwa siku.

Jumatano, Februari 6, 2008, Mwakyembe alisimama katika ukumbi mpya wa Bunge, uliofunguliwa 2006, akaanza kusoma. Televisheni ya taifa, iliyokuwa katika mpito wa kutoka TVT kwenda TBC, ilirusha moja kwa moja. Ripoti za Bunge kwa kawaida ni dawa ya usingizi. Hii ilikuwa na kila kitu ambacho waandishi wa Los Angeles walikuwa wameacha kukiandika: kampuni isiyo na uwezo iliyopita mlangoni kwa kusukumwa, barua, majina ya wakubwa yakitajwa moja baada ya jingine mbele ya wenye majina wenyewe waliokaa viti vya mbele. Kamera za Bunge zina kasoro zake, lakini siku ile zilijua pa kugeukia. Msomaji akitaja wizara, picha inaenda kwa waziri.

Kesho yake, Alhamisi, Waziri Mkuu Edward Lowassa alisimama. Alilalamika kwamba kamati imemhukumu bila kumhoji, kisha akasema amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha nao wakaachia ngazi. Rais Jakaya Kikwete akalivunja baraza lote la mawaziri. Ijumaa jina la Mizengo Pinda likaletwa bungeni likathibitishwa, na Jumamosi akaapishwa. Siku nne: ripoti, anguko, serikali kuvunjwa, mrithi. Waandishi wa 24, ambao kila sizoni yao ilibana mambo mazito katika siku moja, wangeambiwa na mabosi wao kwamba wanakimbiza mno.

Wenye baa za Dodoma waliokuwa wamezoea kufungulia wateja mpira walifungulia Bunge. Na kwa mtu wa Mkonze jambo hili lilikuwa na ladha isiyopatikana Mwanza wala Mtwara: tamthilia ilikuwa inachezwa kilomita chache kutoka alipokaa. Misafara ya magari aliyoiona kwenye skrini ndiyo ile ile iliyomzuia njia akienda sokoni. Ilikuwa pia tamthilia kuhusu kile kinachoiwasha runinga yenyewe.

Jumanne iliyofuata, Februari 12, waandishi wa Marekani walipiga kura wakarudi kazini baada ya siku 100. Zaidi ya asilimia 92 walikubali. Walichopata kwenye intaneti kilikuwa kidogo lakini kilikuwa na mizizi. Kipindi kikirushwa mtandaoni kwa matangazo ya biashara, mwandishi angepewa kiasi maalumu miaka miwili ya mwanzo, na kuanzia mwaka wa tatu asilimia 2 ya mapato ya msambazaji. Senti za DVD zilibaki zilivyokuwa. Ninavyoona mimi, waliacha vita ya jana wakachagua ya kesho, na huo ulikuwa uamuzi wa watu wenye akili, ingawa wakati ule baadhi yao waliuona kama kushindwa.

Mwaka ule haukuisha kabla Tanzania haijapata mfarakano wake, mdogo kwa kipimo cha Hollywood lakini unaofanana nao kuliko unavyodhaniwa. Kundi la Ze Comedy, la kina Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki, Wakuvwanga, Vengu na MacRegan, lilikuwa limeijengea East Africa Television jina kubwa kwa vichekesho vya kuiga viongozi, wahubiri, wanamuziki na watangazaji wa habari. Hawa walikuwa waandishi na waigizaji kwa wakati mmoja, kichekesho kikitungwa na kinywa kile kile kitakachokisema. Mwaka 2008 wakaondoka kwenda TBC1. Kukazuka mvutano: jina Ze Comedy ni la nani, la vijana walioliishi au la kituo kilichowapa hewa? Watazamaji wakakaa na pengo. Kundi lilipoibuka kwenye runinga ya taifa lilikuwa na jina jipya, Ze Orijino Komedi, na nchi ikahamisha antena kulifuata.

Ukiwaweka waandishi wa Los Angeles na Joti kwenye mizani moja, swali ni lile lile: kazi ikishatoka kichwani na kuingia hewani, mwenyewe nani? Tofauti iko kwenye nyenzo. Waandishi wa Marekani walikuwa na chama, mfuko wa mgomo na sheria inayowalazimisha waajiri kukaa mezani. Vijana wa Ze Comedy walikuwa na miguu yao, wakaitumia. Na mtazamaji wa Tanzania akafanya kitu ambacho mtazamaji wa Marekani hakuweza kukifanya: aliwafuata wasanii badala ya kubaki na kituo. Watu waliokuwa kwenye vibaraza vya Dodoma jioni zile hawakuwa wamesoma Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ila hukumu waliitoa, na waliitoa kwa kitufe.

Matunda ya mgomo wa mbali yaliendelea kudondoka. Sizoni ya saba ya 24, iliyotarajiwa Januari 2008, ilisogezwa mwaka mzima hadi Januari 2009. Ili mashabiki wasimsahau Jack Bauer, kituo cha Fox kikatengeneza filamu ya kati, 24: Redemption, ikarushwa Novemba 23, 2008. Wazo la kumpeleka Bauer Afrika lilikuwepo tangu awali, mgomo ndio ulioacha nafasi ya kuliweka. Akapelekwa Sangala, nchi isiyokuwepo, iliyopigwa picha Afrika Kusini, yenye watoto wanaofundishwa kushika bunduki na mapinduzi yanayokaribia. Na jenerali mbaya wa Sangala, mchinjaji anayetaka kuipindua nchi, waliamua kumwita Juma.

Filamu hiyo nayo ilifika Dodoma kwa njia ya diski. Mtazamaji aliyekaa mwaka mzima akimsubiri Bauer alimpata amekuja jirani kabisa, na adui anaitwa kama mjomba wake. Nimewasikia watu wakiicheka filamu ile kuliko vichekesho vyenyewe. Waandishi wale waliogoma siku 100 wakidai thamani ya maneno yao hawakutumia hata dakika moja kuuliza Juma ni jina la nani na la wapi. Nawaunga mkono kwenye senti zao, kwenye hili hapana.

Wakati huo huo rafu za machinga zilikuwa zinabadilika rangi. Kimarekani kilipopungua, nafasi ilichukuliwa na vilivyokuwepo: filamu za Nigeria, tamthilia za Kikorea, na zaidi ya zote Bongo Movie. Si sahihi kusema mgomo ndio ulioiinua. Mwigizaji Steven Kanumba na wenzake walikuwa wametoka kwenye tamthilia za Kaole zilizorushwa na ITV, na Dar 2 Lagos ilishatoka 2006. Lakini walikuta soko lenye njaa. Filamu ikapigwa kwa siku chache, ikakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili, skripti mara nyingine ikiwa karatasi mbili za muhtasari na maelekezo ya mdomo. Msambazaji alinunua haki zote kwa mkupuo mmoja. Malipo ya marudio hayakuwepo hata kwenye msamiati. COSOTA, chombo cha hakimiliki, ilikuwapo tangu 2001, stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki zikaja 2013, ila mwandishi wa Bongo Movie alibaki mtu ambaye jina lake hupita kwenye skrini wakati watu wanasimama kutafuta viatu. Kanumba alifariki Aprili 7, 2012, na soko la diski likaanza kufifia nyuma yake.

Mwanzoni mwa 2013 mitambo ya analojia ilizimwa Dodoma, mwezi mmoja baada ya Dar es Salaam. Runinga zikajaa chenga. Hakuna aliyegoma mara hii, ilikuwa ratiba ya serikali, lakini kwa mtu wa Mkonze mwenye runinga ya mgongo na antena ya mti, matokeo yalikuwa makali kuliko ya mgomo wowote: nunua king'amuzi au kaa gizani. Wengi walirudi redioni kwa muda, au kwa jirani.

Pigo lililowauma zaidi watu wa Dodoma lilikuja Januari 27, 2016. Waziri wa Habari, Nape Nnauye, alitangaza bungeni kwamba TBC inaacha kurusha vikao vyote moja kwa moja, kwa hoja kwamba gharama ni shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Wabunge wa upinzani walipinga kwa kelele, kikao kikavurugika, polisi wakaingia ukumbini. Kilichobaki kilikuwa vipande vya kumbukumbu vilivyochaguliwa, vikirushwa usiku. Tamthilia ile ya Februari 2008, yenye waziri aliyegeukiwa na kamera kabla hajajiandaa, haiwezekani kwenye vipande vilivyochaguliwa. Mtu fulani sasa alikuwa anaamua nini kionekane, na hiyo ni kazi ya uandishi, hata kama anayeifanya hana chama cha waandishi.

Aprili mwaka uliofuata, wasanii wa Bongo Movie waliingia mitaani Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa holela bila kulipiwa kodi. Ndiyo hatua iliyokaribia mgomo kuliko zote katika historia ya filamu za hapa. Umma haukuwa upande wao. Wakaambiwa watengeneze kazi nzuri kwanza. Ukweli ni kwamba walikuwa wanawashambulia machinga wanaouza diski wakati diski yenyewe ilikuwa inakata roho. Watu walikuwa wanahamia kwenye simu. Miaka kumi hivi baada ya waandishi wa Los Angeles kuacha kugombea DVD, sisi tulikuwa tunaandamana kwa ajili yake.

Waandishi wa Marekani waligoma tena Mei 2, 2023, safari hii 11,500 kati yao, siku 148, na kuanzia Julai 14 waigizaji nao wakagoma, wao kwa siku 118. Madai yalikuwa ya zama hizi: kampuni za intaneti zinazoficha idadi ya watazamaji, vyumba vya waandishi vinavyopunguzwa mpaka kubaki na watu wawili watatu, na akili mnemba inayoweza kuombwa iandike rasimu ili binadamu alipwe kwa kurekebisha tu. Waliporudi kazini Septemba 27 walikuwa na kipengele kwamba maandishi ya mashine hayahesabiki kuwa kazi ya mwandishi, na bonasi kwa vipindi vinavyotazamwa sana.

Mkonze haikusikia lolote. Umeme umefika, Serikali imehamia Dodoma, mji umekuwa jiji tangu 2018, na jioni ni ya tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili. Ilianza kama jambo la ajabu, TBC ilipomleta Mchina Doudou na mama wakwe zake mwaka 2011, kisa kilichopendwa mpaka Rais Xi Jinping akakitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Kisha Azam ikafungua bomba la Kituruki, na Sultan akawa mgeni wa kila nyumba yenye king'amuzi. Mama anayekataa kupokea simu saa ya tamthilia hajui kwamba Hollywood iligoma, wala hana sababu ya kujua.

Ila Waturuki waliojaza nafasi ya Hollywood nao wana yao. Mwaka 2010 waandishi, mafundi na waigizaji wa tamthilia za Kituruki waliandamana Istanbul wakilalamikia urefu wa kipande kimoja, uliokuwa umefika dakika 90, wakati mwenzao wa Marekani anaandika chini ya dakika 45 kwa wiki ile ile. Baadaye vikarefuka zaidi, vikapita saa mbili. Vikiuzwa nchi za nje hukatwakatwa kuwa vya dakika 45 hivi, ndiyo maana sizoni ya Kituruki inaonekana haiishi, na ndiyo maana watazamaji wengi wa hapa wanaamini Waturuki ni watu wakarimu.